Ua la Lupini na Mtoto Anayenyamazishwa Tumboni

Katika nyanda za juu za magharibi mwa Marekani huota mmea wenye maua ya zambarau ambao wataalamu wa mimea huuita Lupinus sericeus. Katika makala hii tutauita lupini ya hariri, kwa sababu majani na mashina yake yamefunikwa na vinyweleo laini vinavyong'aa mithili ya hariri. Ng'ombe mwenye mimba anaweza kuula mmea huu kwa majuma kadhaa bila kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Atanenepa, atatembea, atacheua kama kawaida. Miezi kadhaa baadaye atazaa ndama aliyekunjika miguu, aliyepinda mgongo, au mwenye kaakaa lililopasuka.

Lupini ya hariri haioti katika Afrika ya Mashariki, wala hakuna mgonjwa wetu anayetarajiwa kuitafuna. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa juu yake umetupatia mojawapo ya maelezo bayana kuhusu jambo linalomhusu kila mjamzito na kila mhudumu wa afya: mama anaweza kuwa mzima kabisa huku kitu alichokula au kunywa kikimdhuru mtoto aliye tumboni. Makala hii inaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na linatudai nini katika kliniki zetu.

Mmea wenyewe

Lupini ni mimea ya jamii ya kunde. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbwa mwitu, kwa kuwa watu wa kale walidhani kwamba mmea huu huinyang'anya ardhi rutuba yake. Ukweli ni kinyume chake, kwani mizizi ya lupini, sawa na ya kunde na maharage, huishi pamoja na bakteria wanaoongeza naitrojeni katika udongo.

Lupini ya hariri ni mmea wa kudumu. Sehemu yake iliyo juu ya ardhi hunyauka kila mwaka, lakini mzizi hubaki hai chini ya ardhi na kuchipua tena theluji inapoyeyuka. Kila jani limegawanyika katika vijani kadhaa vinavyotoka mahali pamoja, kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Mmea huu hupatikana katika miteremko ya milima, katika misitu iliyo wazi na katika nyika kavu zilizotawaliwa na vichaka vya kijivu vyenye harufu kali, ambavyo ni ndugu wa pakanga tunayoifahamu. Miongoni mwa vielelezo vya mwanzo vilivyowafikia wanasayansi ni vile vilivyokusanywa na Meriwether Lewis mwaka 1806, katika safari maarufu ya kuvuka bara la Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1814 Frederick Pursh aliuandika mmea huu rasmi na kuupa jina la kisayansi.

Aina nyingine za lupini zimeenea duniani. Mojawapo, Lupinus princei, ni mwenyeji wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Lupini nyeupe hulimwa nchini Ethiopia na katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania, na mbegu zake huliwa baada ya kuchemshwa na kulowekwa katika maji yanayobadilishwa kwa siku kadhaa ili uchungu utoke. Uchungu huo ndio alama ya alkaloidi, yaani kemikali ambazo mmea hujitengenezea ili kujilinda dhidi ya wadudu na wanyama. Wakulima hao waliitambua hatari ya mbegu hizo na njia ya kuiondoa karne nyingi kabla ya kuwapo kwa maabara.

Ndama waliopinda

Wafugaji wa magharibi mwa Marekani waliijua lupini kwanza kama muuaji wa kondoo. Mwishoni mwa karne ya 19, makundi ya kondoo katika jimbo la Montana yalipata vifo vingi baada ya kula maganda yenye mbegu. Kwa ng'ombe madhara yalikuwa ya namna nyingine. Ng'ombe hawakufa kwa wingi kama kondoo, lakini katika baadhi ya miaka ndama wengi walizaliwa na viungo vilivyokakamaa. Wafugaji waliupa ugonjwa huo jina lenye maana ya ndama waliopinda. Kwa muda mrefu chanzo chake hakikujulikana. Wapo walioshuku upungufu wa madini, na wapo walioshuku urithi.

Jibu lilitafutwa na watafiti wa maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Logan, jimbo la Utah, ambayo kazi yake ni kuchunguza mimea yenye sumu. Waliwalisha lupini ng'ombe wenye mimba katika vipindi vilivyopangwa, kisha wakawachunguza ndama waliozaliwa. Mwaka 1967 walichapisha matokeo yaliyothibitisha kwamba lupini ndiyo chanzo. Katika miaka ya 1970, Richard Keeler na wenzake waliitambua kemikali inayohusika, alkaloidi iitwayo anajirini.

Matokeo hayo yalikuwa na mambo matatu yanayostahili kuzingatiwa.

La kwanza ni wakati. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 280. Hatari kubwa ilikuwa kati ya siku ya 40 na ya 70, ingawa iliweza kuendelea hadi karibu siku ya 100. Ng'ombe aliyekula lupini nje ya kipindi hicho angeweza kuzaa ndama mzima.

La pili ni kiasi. Kiwango cha anajirini hubadilika kulingana na umri wa mmea. Huwa kikubwa mmea unapokuwa mchanga, na tena katika mbegu zinazokomaa. Kwa hiyo mmea ule ule, katika malisho yale yale, unaweza kuwa hatari mwezi huu na kuwa na hatari ndogo mwezi mwingine.

La tatu ni tofauti ya viumbe. Kondoo waliofungua malisho hayo hayo waliweza kufa kwa sumu, lakini hawakuzaa wana waliopinda kwa namna ile iliyoonekana kwa ng'ombe. Usalama kwa mnyama mmoja haukuwa ushahidi wa usalama kwa mwingine.

Wafugaji walipoyafahamu haya hawakuhitaji dawa. Walibadilisha majira ya kupandisha ng'ombe wao, au walihamisha malisho, ili kipindi cha hatari cha mimba kisikutane na kipindi cha hatari cha mmea.

Kwa nini kiungo kikose kukunjuka?

Swali lililobaki lilikuwa hili: kemikali ya mmea inawezaje kuupinda mfupa? Watafiti wa Logan, akiwamo Kip Panter, walitumia mashine ya ultrasaundi kuwatazama watoto wa mbuzi wakiwa tumboni. Katika majaribio hayo mbuzi walipewa mimea mingine yenye alkaloidi zinazofanya kazi kwa namna inayofanana na anajirini. Kwa kawaida kijusi cha mbuzi hujinyoosha, hujikunja na kugeuka mara nyingi. Baada ya mama kula mimea hiyo, kijusi kilitulia. Utulivu huo ulipoendelezwa kwa wiki kadhaa katika kipindi mahususi cha mimba, wana walizaliwa wamekakamaa viungo. Ulipokuwa wa muda mfupi tu, viungo viliweza kunusurika.

Maelezo yake ni haya. Ili msuli ujikaze, ncha ya neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hupokewa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Anajirini na alkaloidi zinazofanana nayo huvishika vipokezi hivyo. Mwanzoni huvichochea, kisha huvichosha hadi vikaacha kuitikia. Neva huita, msuli hausikii. Mama naye hupata alkaloidi hizo, lakini kiasi kinachomnyamazisha mtoto kinaweza kisimletee yeye dalili yoyote. Hata vipokezi vya misuli ya kijusi vimeundwa kwa namna iliyo tofauti kidogo na vile vya mtu mzima.

Hapa ndipo penye kiini cha somo hili. Tumezoea kuufikiria mchezo wa mtoto tumboni kama dalili ya uhai peke yake. Ni zaidi ya hivyo, maana mchezo huo hushiriki katika kuujenga mwili. Nafasi iliyo kati ya mfupa na mfupa, urefu wa kano na ulegevu wa ngozi inayozunguka kiungo huhitaji kunyooshwa na kukunjwa mara kwa mara ili vikue sawasawa. Kiungo kisichosogea hukakamaa katika mkao kilioachwa nao. Hata kaakaa huhitaji mwendo. Ili pande zake mbili zikutane juu, ulimi lazima ushuke na kuziachia njia. Ulimi usiposhuka kwa wakati wake, mpasuko hubaki.

Kwa binadamu, kijusi huanza kusogea karibu na wiki ya 8 ya mimba, muda mrefu kabla ya mama kuhisi chochote. Mama wengi huhisi mchezo wa mtoto kati ya wiki ya 16 na ya 24. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuunda viungo na kaakaa hufanyika mama akiwa hajahisi kitu, na mara nyingi akiwa hajafika kliniki.

Ushahidi kwa binadamu

Tunao mfano wa binadamu unaoonyesha njia hiyo hiyo bila mmea wowote. Katika ugonjwa wa maiasthenia gravisi, mwili wa mgonjwa hutengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya asetilikolini. Baadhi ya wanawake wana kingamwili zinazolenga zaidi vile vipokezi vya kijusi. Zikipita kwenye kondo la nyuma, mtoto hushindwa kusogea na huzaliwa na viungo vingi vilivyokakamaa. Wamewahi kupatikana akina mama wa aina hii ambao wenyewe hawakuwa na dalili yoyote. Daktari anayeona watoto wawili mfululizo wa mama mmoja wakizaliwa na hali hiyo anapaswa kulikumbuka jambo hili.

Kuhusu lupini yenyewe, kuna kisa kimoja kilichoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka vilima vya kaskazini mwa California. Mtoto wa kiume alizaliwa na kasoro za mifupa ya mikono. Mama yake alikuwa amekunywa maziwa ya mbuzi wa nyumbani wakati wa ujauzito, na mbuzi hao walilisha mahali palipoota lupini. Baadhi ya wana wa mbuzi hao walizaliwa wamepinda, na vivyo hivyo watoto wa mbwa ambaye alinyweshwa maziwa hayo. Watafiti walipowalisha mbuzi lupini waliikuta anajirini ndani ya maziwa yao. Kisa kimoja hakitoshi kuthibitisha chanzo, na kinapaswa kusomwa kama shaka yenye msingi. Lakini kinatufundisha kuuliza swali pana zaidi: mama alikula nini, na kile alichokula nacho kilikula nini?

Ndugu wa lupini waliopo kwetu

Alkaloidi zinazogusa vipokezi hivi zipo katika mimea mingine, na mmoja wao tunaufahamu sana, nao ni tumbaku. Nikotini imepewa jina kutokana na tumbaku, na vipokezi tulivyovitaja huitwa vipokezi vya nikotini kwa sababu vilitambuliwa kwa msaada wake. Katika miaka ya 1960, huko Kentucky, nguruwe wenye mimba waliolishwa mabua ya tumbaku walizaa wana wenye miguu iliyokakamaa. Tumbaku-mwitu aina ya Nicotiana glauca, kichaka chenye majani ya rangi ya kijani-kijivu na maua ya manjano marefu kama mrija, ilitoka Amerika ya Kusini na sasa huota kando ya barabara na mito mikavu katika sehemu nyingi za Afrika, Afrika ya Mashariki ikiwamo. Alkaloidi yake kuu, anabasini, ni miongoni mwa zile zilizowanyamazisha watoto wa mbuzi katika majaribio ya Logan. Watu wamewahi kufa kwa kuyachuma majani yake wakidhani ni mboga.

Ieleweke vizuri: hatusemi kwamba mama anayenusa ugoro atazaa mtoto aliyepinda miguu. Ushahidi wa namna hiyo kwa binadamu hatunao. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba nikotini huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na kwamba matumizi ya tumbaku wakati wa ujauzito huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, kuzaliwa kabla ya wakati na kufia tumboni. Ugoro na tumbaku ya kutafuna vinahusika pia, ingawa havitoi moshi. Katika jamii nyingi mwanamke anayevuta sigara hulaumiwa, ilhali anayenusa ugoro haonekani kuwa anatumia tumbaku. Akiulizwa kliniki kama anavuta sigara, atajibu hapana, naye atakuwa amesema kweli.

Kwa wahudumu wa afya

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, linashauri kila mjamzito aulizwe kuhusu matumizi ya tumbaku mapema iwezekanavyo na katika kila hudhurio. Kwa uzoefu wa kitabibu, namna ya kuuliza ndiyo huamua jibu. Badala ya swali la ndiyo au hapana, ni vyema kuuliza: "Mama, tangu mimba iingie umetumia dawa gani za hospitali, za dukani, au za nyumbani? Kuna majani, mizizi au unga wowote ulioshauriwa kunywa? Unatumia ugoro au tumbaku ya aina yoyote?" Swali liulizwe kwa sauti ile ile inayotumiwa kuulizia tarehe ya hedhi ya mwisho. Mama akigombezwa mara moja, mara ya pili hatasema.

Jibu liandikwe kwenye kadi: jina la dawa kama mama anavyolijua, sehemu ya mmea iliyotumika, kiasi, na umri wa mimba wakati ilipotumiwa. Somo la lupini limetuonyesha kwamba bila wakati na kiasi, jina la mmea peke yake halitoshi. Dawa za kuongeza uchungu ziulizwe kwa makini zaidi mama anapokaribia kujifungua, kwa kuwa zinaweza kuukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi.

Tusisubiri mama aje na mimba kubwa. Ushauri huu unafaa pia katika kliniki za uzazi wa mpango na katika ziara za wahudumu wa afya ya jamii, kwa maana wiki zilizo muhimu zaidi huwa zimepita mama anapofika kliniki akiwa na miezi mitano.

Kwa mama na familia

Mama mpendwa, usipime usalama wa dawa kwa namna unavyojisikia wewe. Mara nyingi dawa huitwa salama kwa sababu bibi aliitumia, au kwa sababu ni ya asili. Lupini nayo ni ya asili. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Huenda dawa ya bibi haina madhara, na huenda inayo. Mlete mhudumu wako katika shauri hilo kabla ya kuinywa.

Usiache ghafla dawa uliyoandikiwa hospitali kwa hofu ya mtoto. Dawa za kifafa, za shinikizo la damu, za kisukari na za virusi vya Ukimwi zina utaratibu wake katika ujauzito, na kuziacha bila ushauri kunaweza kukudhuru wewe na mtoto kwa pamoja. Uliza kwanza.

Ukishaanza kumhisi mtoto akicheza, jifunze mwenendo wake. Huna haja ya kuhesabu kila teke. Lakini ukiona kwamba amepunguza kucheza kuliko alivyozoea, au ametulia kabisa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kliniki, wala usikubali kuambiwa kwamba mtoto amelala tu.

Na kama mtoto amezaliwa na viungo vilivyopinda, tafadhali lisomeni hili mama na baba pamoja. Nyayo za kifundo huwapata watoto wapatao mmoja katika kila 1,000, na ukakamavu wa viungo vingi huwapata wapatao mmoja katika kila 3,000. Kwa wengi wao chanzo mahususi hakijulikani. Hali hizi hazitokani na laana wala uzinzi, na mara nyingi hakuna kitu ambacho mama alifanya au aliacha kufanya. Maarifa juu ya lupini yametolewa hapa kwa ajili ya kinga. Yasigeuzwe fimbo ya kumpigia mzazi ambaye tayari ana huzuni.

Nyayo za kifundo hutibika. Kwa mbinu ya Ponseti, mguu hunyooshwa taratibu kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki kwa majuma kadhaa, na mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kwa upasuaji mdogo. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa, kwanza usiku na mchana, kisha wakati wa kulala tu hadi afikie umri wa miaka minne hivi. Watoto wengi hutembea na kukimbia kama wenzao. Sababu kubwa ya mguu kurudi kupinda ni kuachwa kwa viatu hivyo mapema. Mtoto mwenye viungo vingi vilivyokakamaa naye anufaike na mazoezi ya viungo tangu siku za mwanzo, wakati kano zake zingali laini. Kadiri anavyofikishwa mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri.

Wafugaji wa milima ya Utah na Idaho hawakuing'oa lupini yote, na wasingeweza. Walijifunza ni wakati gani mmea huo humdhuru mtoto asiyeonekana, wakayapanga malisho yao kulingana na ujuzi huo. Sisi tunaye mama anayeweza kuulizwa na kujibu. Tumuulize mapema, tumsikilize, naye asiogope kusema.